Fundi wa Oili Nyembamba

Bado nina hasira, na sitajifanya imepoa ili maandishi haya yapendeze. Mtu niliyemjua kwa miaka kumi na moja, aliyeyatunza magari yangu mawili na kunikaripia kama mtoto wa darasa la tatu, alifukuzwa kutoka uwanja wa mafundi pale Thika kwa kosa ambalo hakulifanya. Waliomfukuza wanatembea mjini na kusalimiana na watu kama kawaida. Aliyelifanya kosa lenyewe ni ndugu yangu wa toka nitoke, na mimi niliona kwa macho yangu likifanyika. Hayo nitayafikia. Kwanza nataka mumjue mwenyewe, kwa sababu siku ya kumfukuza alizungumziwa kana kwamba alikuwa mtu wa kuja jana.

Sote tulimwita Fundi. Uwanja mzima ulijaa mafundi, wa breki, wa rangi, wa umeme, wa viti, lakini ukiuliza "Fundi yuko wapi?" bila kuongeza neno, ulionyeshwa kibanda cha mabati cha mwisho kabisa, penye magari ya turbo yaliyofunguliwa matumbo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ruiru, na nyumba yangu iko Theta. Kwake nilikuwa Mwalimu. Sidhani kama alilijua jina langu, na kama alilijua hakuwahi kulitumia.

Hakuwa na mkono wa kusalimia. Ukimnyooshea wako alikupa kifundo cha mkono, nawe ukakishika hapo, maana viganja vilikuwa vyeusi kwa oili tangu asubuhi. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata kanisani Jumapili, mikono ikiwa imesuguliwa kwa sabuni ya unga mpaka imepauka, bado alitoa kifundo. Mchungaji wetu alikuwa akimtania mbele ya watu kwamba hata mbinguni atamsalimia Petro hivyo. Fundi hakucheka. Alikuwa mtu wa kuimba besi nyuma kabisa na kutoka kabla ya matangazo.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hakumwondolea mtu yeyote, awe tajiri au maskini. La kwanza, hakupima gari lililofika likiwa moto. "Gari ikiwa moto inadanganya," alisema. "Iache ilale hapa. Kesho nitaisikiza ikiamka." Na ilibidi mwenye gari awepo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye baridi, amwashie yeye mwenyewe. Kabla hujaingiza ufunguo aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha hukumzunguka. Siku moja mzee mmoja mwenye kibanda cha nyama choma pale Kamakis aliwahi kufika, akaona baridi imezidi, akawasha injini ili apate joto na simu ipate chaji. Fundi alikuja, akagusa boneti, akarudi kwenye kikombe chake cha uji.

"Fundi, si uanze basi?" mzee akauliza.

"Urudi kesho."

"Kesho? Unajua mimi ni nani? Unajua nimeacha mbuzi wangapi hawajachinjwa?"

"Hao mbuzi watashukuru," Fundi akasema, akaendelea na uji.

Mzee alitukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, akaondoka kwa miguu. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa amekaa ndani ya gari lake baridi, amejifunika shuka, hajagusa ufunguo.

La pili lilikuwa sahani. Alikuwa na sahani nyeupe ya bati, ya kulia ugali, iliyochubuka ukingoni. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akadondosha matone kwenye sahani, akakulazimisha uyasugue kwa vidole na uyanuse. Si yeye tu, wewe pia. Mara ya kwanza nilikataa, nikamwambia nimevaa vizuri na naenda shuleni. Akaniuliza kama mtoto akikataa kufungua daftari mimi humsomea. Nikanusa. Tangu siku hiyo naweza kukuambia oili iliyoungua, oili iliyoingia petroli na oili nyembamba nzuri inayoteleza kidoleni kama si kitu. Ujuzi huo aliniachia yeye, na mtaona niliutumiaje.

Turbo alizichukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema kila siku, ingawa pikapu yake mwenyewe, ya dizeli, ilikuwa na turbo, na aliiendesha polepole mpaka bodaboda wakampigia honi. Ukimuuliza mbona ameweka adui nyumbani, alijibu kwamba yeye anajua kukaa naye. Turbo, alinieleza, ni kidude cha kutosha kwenye bakuli, kinasukumwa na moshi wa injini ili kisukume hewa ndani ya injini, na kinazunguka kwa kasi ambayo kichwa chako hakiwezi kuifikiria. Kinachokibeba kisijisage ni utando wa oili tu. Oili ikichelewa kufika, au ikiwa chafu, au ukizima gari ghafla baada ya kukimbia barabara kuu, ile oili inakaangwa humo ndani na kuwa masizi. "Ukifika nyumbani usizime," alisema. "Kaa dakika mbili. Omba Mungu. Hesabu kuku. Halafu uzime."

Alinikataza kununua gari langu la turbo. Nilikuwa nimelipata kwenye yadi moja ya magari huko barabara ya mchepuko ya mashariki, jeusi, linang'aa, lilikuwa limetembea miaka kumi Japani kabla ya kuletwa. Broka alinifungulia mlango kama bibi harusi. "Madam, hii ni turbo. Ukikanyaga hivi, hao wengine unawaachia vumbi." Fundi nilimpigia simu kutoka hapo hapo. Akauliza, "Wamekuambia inakunywa oil ngapi kwa mwezi?" Nikasema hawajasema. "Basi hawajakuuzia gari, wamekuuzia rangi." Nikanunua. Nilitaka vumbi, nisidanganye.

Mwaka ule wa kwanza ulinifunza adabu. Moshi wa bluu ulianza wiki ya tatu. Fundi alipomwaga oili kwenye sahani ilitoka nzito kama asali ya zamani, akanionyesha kwa hasira ambayo hata mimi sikuwa nayo bado. Hivyo ndivyo mabroka wanavyofanya, na nawaandika hapa bila kuwaonea haya: turbo ikiwa imechoka na inavujisha moshi, wanaweka oili nzito ya trekta ili moshi usionekane mpaka umalize kulipa. Ukishatoka getini, shida ni yako. Nilibadilisha turbo. Nikabadilisha mpira mnene unaopeleka hewa kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo, maana ulikuwa umepasuka na gari lilikuwa linavuma bila nguvu. Nikajifunza kwamba oili yake haibadilishwi ile siku unapokumbuka, inabadilishwa kila kilomita elfu tano, na iwe nyembamba ya bei, si ile ya kwenye ndoo. Petroli ilikuwa inakwenda utadhani tangi limetoboka. Ndugu zangu waliniuliza kwa nini nisiliuze. Kwa sababu ningelazimika kumdanganya mtu mwingine, ndiyo sababu.

Nisimpake mafuta Fundi, alikuwa na kasoro zake. Alikuwa na wivu. Fundi kijana akinunua mashine ya kusoma kompyuta ya gari, yeye alisema ni televisheni. Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo kupita kiasi. Ukimwomba skrubu moja alikuuliza umeiacha wapi yako. Na mdomo wake uliwafukuza wateja kuliko ushindani wowote. Mwanamke mmoja wa Githurai 45, muuza nguo, alimletea gari ambalo mafundi wa kando ya barabara walikuwa wameling'oa thamostati, kile kidude kinachosimamia joto la injini, wakamwambia sasa litakuwa baridi siku zote. Hiyo ni dhambi ya mafundi wetu wengi. Mtu akisikia gari limechemka, wanang'oa thamostati, wanajaza maji ya mfereji, wanasema "imepona." Badala ya kumhurumia, Fundi alimwambia mbele ya watu, "Mama, ulilipa mtu akutolee moyo, ukamshukuru." Yule mama alilia. Nilimgombeza Fundi siku hiyo, na kwa mara moja alionekana kujua kwamba amekosa. Hakuomba msamaha. Alilitengeneza lile gari bila kumtoza kazi, na hakumwambia ni kwa nini.

Lakini kusema uongo, hapana. Mara moja alipokuwa akibadilisha oili yangu aliharibu nyuzi za nati ya chini, ile inayofunguliwa kumwaga oili. Nisingejua kamwe. Angeziba kwa gundi kama wengine, na mimi ningekuja kugundua baada ya miezi, mahali pengine kabisa. Alinipigia simu nikiwa darasani. "Mwalimu, nimeharibu gari yako. Mimi, si mtu mwingine. Leo haitoki." Alikwenda mwenyewe mpaka Nairobi kutafuta sampu nyingine, lile bakuli la oili la chini ya injini, akaiweka kwa pesa yake. Watu wote wa uwanjani waliijua hadithi hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyeieneza. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya uwanja aliijua. Katibu aliijua. Waliijua walipokuwa wameketi pale wakimwita mwizi.

Sasa nifike kwa ndugu yangu. Njoroge ndiye kitinda mimba kwetu. Aliacha kazi ya kiwandani, akachukua pesa zake zote akanunua gari la turbo ili abebe abiria wa kukodi kutoka Ruiru kwenda uwanja wa ndege. Hakunisikiliza, kama mimi nami sikumsikiliza Fundi. Turbo ilipokufa nilimpeleka Thika, Fundi akaifungua, akaweka nyingine, akajaza oili nyembamba. Akamwambia mara tatu, nikiwa nimesimama hapo: "Usichanganye. Ikipungua, uniletee."

Mwezi haukuisha. Jumamosi moja tulikuwa tunatoka kumwona mama, tukapita Githurai 45. Njoroge alisimama kwa fundi mmoja wa kando ya soko ili apimiwe tu. Yule jamaa alivuta kijiti, akatazama, akacheka.

"Bro, nani alikuwekea maji? Hii ni oil ya Japan huko kuna snow. Hapa ni joto, unataka kitu nzito."

"Fundi wa Thika alisema thin," Njoroge akasema.

"Huyo wa Thika anataka urudi kila saa. Na si unaona imepungua? Nzito haipungui."

Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha mbele na soda mkononi. Nikasema, "Njoroge, Fundi alikataa." Akajibu, "Wacha, sista, huyu pia ni fundi." Nikamaliza soda. Oili ya Fundi ikamwagwa kwenye beseni, ikawekwa ile nzito kutoka kwenye ndoo. Nilijua ni nini. Niliweza kunusa nikiwa nimekaa.

Siku kumi baadaye, akipanda kilima kule Juja na abiria wawili, gari lilipiga ukelele kama king'ora, likatoa ukungu wa moshi mpaka magari ya nyuma yakasimama, injini ikakwama. Na Njoroge, ambaye wakati huo angekuja kwangu tukae tufikirie, alilivuta gari moja kwa moja mpaka uwanjani Thika akaanza kupiga kelele kwamba Fundi amemuua.

Uwanja ule una desturi yake. Mteja akilalamika, kamati inaketi hapo hapo kwenye benchi la karibu na geti, mwenyekiti na katibu na wazee wawili, na mafundi wengine wote wanaacha kazi na kuzunguka. Fundi yeyote akipatikana na kosa, analipa au anatoka. Wanasema ni kwa ajili ya jina la uwanja. Asubuhi ya siku ya kikao, nikijiandaa kwenda, mama alinipigia simu. "Usimwaibishe mtoto wangu mbele ya watu," alisema. "Hana kingine." Nilisema sawa mama.

Fundi alileta sahani yake. Alidondosha oili kutoka kwenye gari la Njoroge mbele ya kamati. Ilikuwa nzito, nyeusi, haikukimbia kwenye sahani. "Hii si yangu," alisema. "Mimi naweka nyembamba. Muulize kila mtu."

"Ni yako," Njoroge akasema. "Mimi tangu nitoke hapa sijafungua."

Katibu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anakitamani kile kibanda cha mwisho, akasema pengine Fundi alitoza oili ya bei akaweka ya ndoo, tofauti akatia mfukoni. Watu wakaguna. Fundi aliendelea kuishika ile sahani kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni dadake, na pia wewe ni mteja wa hapa miaka mingi. Hii gari ilifunguliwa mahali pengine?"

Nilisema, "Mimi mambo ya magari siyajui."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Mimi niliyesugua oili kwenye sahani ile kwa miaka kumi na moja. Mimi ninayesimamisha watoto wa watu mbele ya darasa nikiwauliza nani amevunja dirisha. Fundi alinitazama, si kwa muda mrefu, kisha akaiweka sahani chini. Wakamwambia alipe injini au atoke. Akasema hana pesa ya injini ambayo hakuiua. Akafungasha spana zake siku hiyo hiyo kwenye pikapu, na kibanda sasa ni cha katibu.

Nimemlaumu mwenyekiti kwa kutotumia akili. Nimemlaumu katibu kwa tamaa. Yule jamaa wa Githurai na ndoo yake nimemlaani kila ninapopita soko. Njoroge tuliacha kuongea miezi miwili, ingawa mama anadhani ni kwa sababu ya shamba. Hasira zote hizo ni za haki na sizirudishi hata moja.

Mwezi uliopita gari langu lilianza kupiga mluzi nikikanyaga. Mtu akaniambia kuna mzee anatengeneza pampu za maji na mashine za kukatia nyasi huku huku Theta, kilomita mbili kutoka kwangu, kando ya duka la chakula cha mifugo. Nilijua ni nani kabla hajamaliza kumweleza.

Nilimkuta ameinama juu ya pampu ya mkulima, saa tisa mchana. Amepungua. Hata kanisani sikuwa nimemwona tangu siku ile. Alisikia gari kabla ya kuniona, maana alisema bila kugeuka, "Hiyo ni mpira ya intakula, Mwalimu. Imepasuka tena."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakaniponyoka. Nikasema tu, "Fundi, nilikuwa Githurai siku ile. Niliona wakimwaga oili yako."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ulisema hujui mambo ya gari." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Mtu ambaye hakuona angesema hakuona."

Nikamwambia ninasikitika. Nikamwambia kuhusu mama na ile simu, nikamwambia Njoroge hakuwa na kingine. Alisikiliza yote, akanyanyua boneti, akaingiza mkono, akaugusa ule mpira pale ulipopasuka.

"Naweza kukufungia hii saa hii," alisema. "Dakika kumi. Lakini Mwalimu, hii ni gari mzee. Kesho ikikufa na kitu ingine, waje waniulize, wewe utasema nini?"

"Nitasema ukweli. Hata sasa naweza kwenda kumwambia mwenyekiti."

"Mwenyekiti yuko Thika," Fundi akasema. "Hapa ni Theta."

Akashusha boneti taratibu, bila kuibamiza, akarudi kwenye pampu yake. Nikaingia ndani ya gari nikaondoka.

Hiyo ni wiki tatu sasa. Kutoka kwangu hadi uwanjani ni mwendo wa nusu saa, na sijaenda.